Kweli au uongo: Mabango ya sanaa ya Kijerumani yakifika Pap Onditi

Pap Onditi, makao makuu ya Nyakach, haina jumba la sanaa. Picha za ukutani lakini ziko tele. Kinyozi ana bango la mitindo ya nywele, mama wa hoteli ana kalenda ya Baba, sebuleni kuna Moyo Mtakatifu wa Yesu, na nyuma ya mlango wa kijana wa nyumba kuna kikosi cha Gor Mahia kikitazamana na kikosi cha Arsenal. Kwa hiyo asije mtu akasema watu wa huku hawajui kutundika.

Siku hizi mwenye simu na hela kidogo anaweza kuagiza, au kuchapisha Kisumu mjini, picha ya Gerhard Richter, Sigmar Polke, Joseph Beuys au Georg Baselitz, yaani wale wasanii waliopindua sanaa ya Ujerumani baada ya vita vya 1939 hadi 1945. Bango likishatundikwa, maneno hayakosi. Mengine ni ya wauzaji, mengine ya wageni wanaokunywa chai huku wamelikodolea macho. Haya ndiyo yanayorudiwa sana, na hukumu yangu kwa kila moja.

“Bango ni nakala tu. Sanaa ni ile iliyochorwa kwa mkono.”

Uongo, na kwa wasanii hawa ni uongo mkubwa.

Wanazi walipenda sanaa ya mashujaa wenye misuli, iliyochongwa kwa mawe, na mwaka 1937 waliandaa maonyesho mjini München ya kuwakejeli wasanii wa kisasa mbele ya umma. Vijana waliokulia kwenye magofu ya utawala huo hawakuwa na hamu tena ya kitu kimoja kitukufu cha kupigiwa magoti. Walitaka kazi inayosambaa. Mwaka 1968 Beuys alitoa kisanduku cha mbao tupu, kisichopakwa rangi, ndani yake kikiwa na neno moja na mistari miwili ya penseli. Kiliuzwa marki 8 kwa njia ya posta, na vikatengenezwa takriban 12,000. Ukiuliza cha asili ni kipi kati ya hivyo, jibu ni kwamba vyote ni vya asili.

Polke naye, mwaka 1967, alichukua picha ya wasichana wawili wenye nguo za kuogelea, akaichapa kwa ofseti, nakala 150. Ofseti ni mashine ya aina ileile inayotoa mabango ya uchaguzi yanayobandikwa kwenye nguzo za stima kutoka Ahero hadi Sondu.  Chapa ndiyo kazi yenyewe.

Halafu kuna Klaus Staeck, mwanasheria wa Heidelberg aliyeamua kuwa bango ndilo kila kitu. Kwenye kampeni za 1972 alitoa bango la kuwatahadharisha wafanyakazi wa Ujerumani kwamba chama cha SPD kinataka kuwanyang'anya majumba yao ya kifahari kule Ticino, Uswisi. Mfanyakazi gani wa kiwandani alikuwa na jumba Ticino? Ndiyo kejeli yenyewe. Alipelekwa mahakamani mara nyingi kwa mabango yake. Msomaji wa Nyanza, aliyezoea siasa za vijembe, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Upande wa mashariki, kwenye DDR, yaani Ujerumani Mashariki, nakala zilikuwa na kazi nyingine kabisa. Kila kilichochapwa kilihitaji kibali cha serikali, lakini msanii aliyechapa kazi yake mwenyewe chini ya nakala 100 aliruhusiwa kuendelea bila kibali. Wasanii na washairi wakaona mwanya. Majarida mazima ya siri yalitoka humo, kurasa za michongo ya mbao na chapa za skrini zikiwa zimebeba mashairi. Kwa hiyo ukikuta chapa ya DDR yenye idadi ya chini ya mia, usidhani wino uliwaishia.

“Limeandikwa Richter, basi hiyo ni mali.”

Mara nyingi ni uongo, na hapa ndipo watu wanapoliwa hela zao.

Mnamo Februari 2015, mjini London, picha ya Richter ya mwaka 1986, ya rangi zilizokwanguliwa kwa ubao mrefu, ilipigwa mnada kwa zaidi ya pauni milioni 30. Habari za namna hiyo ndizo zinazompa mchuuzi wa mtandaoni ujasiri wa kukuambia kwamba bango lake la shilingi elfu nne litakusomeshea mtoto. Jina la Richter kweli lina nguvu ya ajabu: mwaka 2019 mahakama ya Köln ilimtia hatiani mtu aliyechukua michoro minne kutoka kwenye taka za karatasi nje ya nyumba ya msanii huyo. Hata alichokitupa kilikuwa bado chake. Lakini nguvu hiyo haihamii kwenye karatasi yoyote iliyopigwa jina lake.

Kuna vitu vitatu ambavyo wauzaji hupenda kuvichanganya. Cha kwanza ni chapa ya msanii: yeye mwenyewe aliamua karatasi, wino na idadi, akatia sahihi na namba kwa penseli, kwa mfano 23/150. Cha pili ni bango la maonyesho, lililochapwa na jumba la makumbusho kutangaza tukio. Lina tarehe na jina la mji, na likiwa la zamani wakusanyaji hulitafuta. Cha tatu ni picha ya picha: mtu amepiga picha ya kazi iliyoko makumbusho, ameitia kwenye printa kubwa ya wino, ameiuza. Hicho cha tatu ndicho karibu kila kinachouzwa mtandaoni kwa jina la chapa ya sanaa. Si dhambi. Kinaweza kuwa kizuri sana, karatasi nzito ya pamba, wino wa kudumu. Ila thamani yake ni ya karatasi na wino na furaha yako, basi.

Utavitofautishaje ukiwa Pap Onditi, bila mtaalamu? Chukua simu yenye kamera nzuri, isogeze mpaka karibu iguse karatasi, kisha vuta picha. Ofseti itakuonyesha vidoti vya samawati, waridi, manjano na vyeusi vilivyojipanga kama viua vidogo. Printa ya wino itaonyesha ukungu wa matone yasiyo na mpangilio. Chapa ya skrini haina vidoti kwenye rangi tupu: utaona tabaka la wino lililolala juu ya karatasi, kingo zake kali, na ukipitisha kidole taratibu pembeni utalihisi. Baadaye angalia sahihi. Inamishe karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Penseli halisi hung'aa kijivu na huacha mfereji mdogo. Sahihi iliyochapwa hukaa bapa na, ukiisogelea, nayo hugeuka vidoti.

Cheti cha uhalisi kilichoambatishwa? Kimechapwa na printa ileile.

“Mchapaji kaiharibu. Ona ilivyo na ukungu, vidoti, na yule mtu kageuzwa miguu juu.”

Uongo. Hili ni lalamiko la haki kabisa kutoka kwa fundi wa mabango, maana yeye akimchora mbunge kichwa chini halipwi, lakini kwa kazi hizi ndipo kiini kilipo.

Tuanze na ukungu. Richter alizaliwa Dresden mwaka 1932, akakimbilia magharibi mwaka 1961, miezi michache kabla ya ukuta wa Berlin kujengwa. Miaka ya sitini alikuwa akinakili picha za albamu kwa rangi ya mafuta, na rangi ikiwa bado mbichi akipitisha brashi kavu juu yake mpaka sura zikatike kingo. Mwaka 1965 alimchora hivyo mjomba wake Rudi, kijana anayetabasamu ndani ya koti refu la jeshi la Hitler, aliyekufa vitani. Mwaka huohuo akamchora mama yake mdogo Marianne akiwa msichana, amempakata Richter mwenyewe, mtoto mchanga. Marianne alikuwa mgonjwa wa akili na aliuawa kwenye mpango wa Wanazi wa kuwaondoa wagonjwa. Familia moja, albamu moja. Ukungu ule ndio hali ya mtu anayewapenda jamaa zake na hajui awatazame vipi. Bango la Mjomba Rudi likikufikia limekolea vizuri, kila kifungo kinaonekana, hapo ndipo umlalamikie mchapaji.

Vidoti ni vya Polke. Yeye alikuwa akikuza picha za magazeti mpaka vidoti vya uchapaji vionekane, kisha anavichora kimoja kimoja, akiacha vingine vimwagike na vingine viungane. Mashine hujidai haikosei. Yeye aliikosea kwa makusudi, kwa mkono, kwa subira ya siku nyingi. Bango la Polke kwa hiyo lina vidoti juu ya vidoti, vyake vikubwa na vya mashine vidogo, na kamera ya simu ikivisogelea huchanganyikiwa kabisa.

Na miguu juu ni Baselitz. Kuanzia mwaka 1969, alipochora msitu uliogeuzwa, amekuwa akichora watu, tai na miti kichwa chini. Hageuzi turubai baada ya kumaliza, huchora hivyohivyo. Alitaka uone rangi na mikono yake kabla hujaanza kuuliza huyu ni nani. Ushauri kwa mwenye nyumba: angalia maandishi ya chini ya bango. Kama jina na mwaka vinasomeka sawasawa na mtu yuko kichwa chini, umelitundika vizuri. Mgeni anayeinamisha shingo atazoea.

“Beuys alidondoka na ndege, wenyeji wakamwokoa kwa mafuta na sufu.”

Ndege ilidondoka kweli. Yaliyobaki ni ngano.

Beuys alikuwa kwenye jeshi la anga la Ujerumani, na ndege yake ilianguka Krimea Machi 1944. Rubani alikufa. Baadaye Beuys alisimulia kwamba Watatari wahamaji walimkuta kwenye theluji, wakampaka mafuta ya wanyama na kumfunga sufu iliyoshindiliwa ili apate joto, na ndiyo sababu vitu hivyo viwili vimejaa kwenye kazi zake. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliokotwa na wanajeshi wa Kijerumani na kufikishwa hospitali ya kijeshi siku iliyofuata. Wauzaji wa mabango bado wanaibandika ile hadithi chini ya picha zake kana kwamba ni wasifu. Mimi naona ni kazi yake mojawapo, na si bora kuliko zote: askari wa Hitler anajipa kuzaliwa upya kwa mikono ya watu ambao hakuna aliyewauliza.

Kuna nyingine inayosimuliwa kama utani, nayo ni kweli tupu. Mwaka 1973, kwenye jumba la makumbusho la Leverkusen, wanachama wa SPD walikuwa na sherehe. Wakatafuta chombo cha kuoshea glasi, wakakuta beseni la kuogeshea mtoto lililojaa plasta na shashi, wakalisugua likang'aa. Lilikuwa la Beuys. Mwaka 1986, miezi michache baada ya kifo chake, msafishaji wa chuo cha sanaa cha Düsseldorf alikwangua kilo kadhaa za mafuta yaliyokuwa yameganda kwenye kona ya dari, na serikali ya jimbo ikaishia kulipa fidia ya marki 40,000. Ninawaunga mkono wasafishaji. Kama kazi haijalindwa na fremu wala kamba, mwenye ufagio hana kosa.

“Ukiwa na bango huna haja ya kwenda makumbusho.”

Uongo kwa baadhi, na Günther Uecker ndiye ushahidi. Alikuwa wa kundi la Zero la Düsseldorf, lililoanzishwa na Heinz Mack na Otto Piene mwaka 1957. Piene alichora kwa moshi na masizi, Uecker akapigilia misumari kwenye mbao, kwenye viti, hata kwenye piano. Misumari yake imeinama huku na kule kama nyasi za uwanda wa Nyakach upepo wa ziwa unapoingia mchana, na kivuli cha kila msumari hutembea kadiri jua linavyozunguka. Bango linakupa kivuli cha dakika moja. Uecker alilijua hilo, ndiyo maana alitoa pia chapa zisizo na wino: karatasi nene nyeupe iliyogandamizwa mpaka alama za misumari zikatoka juu kwa juu. Ukipiga picha chapa hiyo na kuichapa tena, umebaki na karatasi nyeupe uliyoilipia.

“Hiyo ni sanaa ya Wazungu, sisi haituhusu.”

Kwa miaka mingi wenyewe walifanya iwe kweli. Documenta, maonyesho makubwa yaliyoanzishwa na Arnold Bode mwaka 1955 kwenye magofu ya Kassel, na ambayo yaliwapa jukwaa karibu wote niliowataja, hayakuwa na habari na Afrika kwa miongo mingi. Mkurugenzi wa kwanza asiye Mzungu alikuwa Okwui Enwezor wa Nigeria, mwaka 2002.

Lakini ukiitazama historia kutoka huku, mambo yanabadilika. Baselitz alianza kuchonga lino kubwa kubwa miaka ya sabini, yaani lino ileile ya kutandika sakafuni. Huko nyuma, katikati ya miaka ya sitini, Hezbon Owiti, kijana wa Nyanza ya Kati, alikuwa tayari anachonga lino Nairobi, kwenye kituo cha Chemchemi kilichoanzishwa na Ezekiel Mphahlele mwaka 1963. Sijaona anayeuza bango la Owiti mtandaoni, na mimi ningelinunua kabla ya la Baselitz.

Mwaka 1982 Beuys alianza kupanda mialoni 7,000 Kassel, kila mti na jiwe lake la basalti. Wa mwisho ulipandwa na mwanawe Wenzel mwaka 1987, baba akiwa ameshafariki. Ulimwengu wa sanaa ulishangaa kwamba kupanda miti kunaweza kuwa sanaa. Wangari Maathai alikuwa ameanzisha Green Belt mwaka 1977, naye alikuwa amesoma Giessen na München mwishoni mwa miaka ya sitini. Sisemi mmoja alimwiga mwenzake. Nasema tu kwamba mkazi wa Nyakach, ambaye ameona makorongo ya Katuk Odeyo yakimeza mashamba, anaielewa picha ya mialoni ya Beuys haraka kuliko profesa.

Zanzibar nayo ina Ujerumani wake wa baada ya vita: majumba ya ghorofa ya Kikwajuni, yaliyojengwa kwa msaada wa DDR baada ya Mapinduzi ya 1964. Huko walipewa saruji, si chapa.

Na mwaka 2022 Wakenya walifika Kassel kwa kishindo. The Nest Collective wa Nairobi walijenga banda la marobota ya mitumba kwenye bustani ya Karlsaue, likiwa na ujumbe wa kuwarudishia wenyewe nguo zao. Kundi la sanaa la Wajukuu, la Mukuru, Nairobi, liligeuza mlango wa jumba la Documenta kuwa njia ya giza ya mabati makuukuu. Mtu wa soko la Kibuye angetembea humo bila kuhitaji maelezo ya ukutani.

“Jua la huku litaliua.”

Kweli. Mtazame kinyozi: bango lake likikaa miaka miwili mkabala na mlango, vijana wote wamekuwa wa samawati. Waridi na manjano hufifia kwanza, samawati na nyeusi hubaki. Ofseti ya kawaida itakufia hivyo. Wino wa chembechembe hudumu zaidi, ila hata huo usiwekwe mkabala na dirisha la magharibi. Kulamineti ni kosa, maana plastiki hugeuka njano na kunasa unyevu wa masika. Fremu yenye kioo inatosha, mradi karatasi isigusane na kioo na nyuma ya fremu pasigusane na ukuta: vipande viwili vya kizibo kwenye pembe za chini vitaacha hewa ipite, na mchwa utamwona mapema.

“Iko kwenye intaneti, basi ni ruhusa kuichapa na kuiuza.”

Uongo. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inailinda picha maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Ujerumani ni miaka 70. Kuchapa moja ya chumbani kwako kuna nafasi yake kisheria chini ya matumizi ya binafsi. Kuchapa hamsini na kuzipanga sokoni Katito ni jambo jingine. Beuys alikufa 1986, kwa hiyo hapa Kenya analindwa hadi mwisho wa 2036. Polke, aliyekufa 2010, hadi 2060.

Wa karibu kabisa kufunguka ni Blinky Palermo, mwanafunzi wa Beuys aliyejipa jina la jambazi wa ndondi wa Marekani. Alifariki Maldives mwaka 1977, akiwa na miaka 33, na kazi zake zitakuwa huru Kenya kuanzia Januari 2028. Lakini bango la Palermo sikushauri. Picha zake zinazosifiwa sana za miaka ya 1966 hadi 1972 hazina rangi ya kupakwa hata tone: alinunua vitambaa vya dukani vya rangi moja moja, viwili au vitatu vikaunganishwa kwa mshono ulionyooka, vikavutwa juu ya fremu ya mbao. Ukivichapa kwenye karatasi, kinachopotea ni mshono na jinsi kitambaa kinavyokunywa mwanga. Vitambaa vinauzwa Kibuye kwa mita, na fundi cherehani yuko hapo barazani Pap Onditi. Mwambie tu asitie marinda.